Anza na Kilichokatika

Nakumbuka Jumamosi moja ya kifuku, yaani majira yetu ya mvua hapa Ugogo, nilipoulizwa swali jepesi mbele ya watu nikalijibu kwa maneno mawili. Nilikuwa na miaka ishirini na minane. Maneno hayo mawili, mwanangu, nusura yaangamize kwaya nzima ya akina mama. Mungu hakuruhusu, na kwa kuwa hakuruhusu, leo naweza kukusimulia nikiwa nimeketi, nimeshiba, na miwani yangu puani.

Wakati huo nilikuwa na landrova kuukuu niliyoipata mnadani. Kazi yangu ilikuwa kukusanya mahindi ya wakulima vijijini na kuyapeleka soko la Kibaigwa. Wakati wa kiangazi haikuwa taabu. Lakini mvua ikinyesha, nchi yetu hubadilika tabia. Kule mbugani udongo mweusi hushika gurudumu kama ugali mbichi unavyoshika mwiko, na makorongo ya mchanga yaliyokuwa makavu asubuhi hujaa maji kabla ya saa sita. Ukiwa na gari la kwenda porini, hutosheki na gari lilivyotoka kiwandani. Utaongeza hiki, utakata kile, utainua hapa, utafunga bati pale.

Tulikuwa watu saba wenye magari ya namna hiyo. Kila Jumamosi baada ya saa sita tulikutana kwenye karakana ya Mzee Ndahani, pale Area D, siku ambazo Area D bado ilikuwa na viwanja vingi vitupu na mbuzi wengi kuliko nyumba. Mzee Ndahani alikuwa fundi wa kuchomelea, na kanisani alikuwa mzee wa kanisa, mtu mpole asiyepandisha sauti hata nyundo ikimpiga kidole. Utaratibu wetu ulikuwa hivi: aliyebadili kitu kwenye gari lake, au aliyelitibu ugonjwa fulani likapona, analisogeza katikati ya uwanja, anafungua boneti au analala chini, na sisi wengine tunachungulia na kuuliza. Hakuna aliyemnyima mwenzake ujuzi. Hata leo namshukuru Mungu kwa Jumamosi zile, maana nilijifunza mengi kwa kulala chali juu ya gunia kuliko nilivyojifunza darasani.

Miongoni mwetu alikuwamo mwanamke mmoja, Mama Sechelela. Mumewe alifariki akamwachia watoto wanne na landrova moja. Ndugu wa mume walidhani ataiuza. Yeye akajifunza kuendesha, kisha akajifunza kutengeneza, akawa anabeba abiria na mizigo katika njia ambazo mabasi hayakuthubutu. Alikuwa na ulimi mkali wenye mzaha ndani yake, na alipokuja alitusalimu, "Mbukwenyi, enyi wanaume wenye magari masafi!" Tulijua anatucheka. Gari safi kwetu sisi lilikuwa ushahidi wa uvivu.

Basi mwaka ule nililiinua gari langu. Vile vyuma vinavyoshikilia springi kwenye chesisi nilivitoa, nikachongesha vingine virefu zaidi, na kila springi nikaiongezea jani moja, yaani bamba moja la chuma. Gari likapanda juu kiasi cha shibiri moja nzima. Mawe yaliyokuwa yakigonga tumbo lake sasa yalipita chini yakiwa yamelala. Wenzangu wakaliita Twiga, na mimi mwenyewe wakaanza kuniita Baba Twiga, nami nikalipenda jina hilo kuliko lile la ubatizo. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi sijawahi kuonja tembo, lakini maji nilitia.

Sikiliza nilivyotia. Siku chache kabla ya Jumamosi ile nilikuwa peke yangu, nikishuka mlima mmoja wenye mashimo. Gurudumu la nyuma likaingia shimoni, ekseli, kile chuma kinachoshika magurudumu mawili, ikaning'inia, nikasikia mlio mdogo kama uzi unaokatika. Nilipokanyaga breki, pedali ikaenda mpaka chini bila kushika kitu. Nilirudisha gia kwa nguvu, nikalielekeza gari kwenye ukingo wa udongo, likasimama limeinama kama mtu anayeomba radhi.

Nikaingia uvunguni. Kuna mpira mfupi unaotoka kwenye chesisi kwenda kwenye ekseli, ambao ndani yake hupita mafuta ya breki. Nilipoliinua gari, ekseli ilibaki chini na chesisi ikaenda juu, lakini mpira sikuurefusha. Ukawa umevutika kama kamba ya kuanikia nguo. Kwenye barabara nzuri ulistahimili. Gurudumu lilipodondoka shimoni, ukakatika.

Nikarudi mjini polepole kwa gia ya kwanza. Kwa wauza vipuri chakavu nikapata mpira mrefu zaidi, nikaufunga, breki zikarudi. Nikanawa mikono. Sikumwambia mtu.

Jumamosi ikafika. Nikalisogeza Twiga katikati ya uwanja. Nikaeleza vyuma virefu, nikaeleza majani ya springi, nikaeleza namna ya kuchonga na kipimo cha kila tundu. Niliongea vizuri, mwanangu. Kama ningehubiri vile kanisani watu wangetubu. Nikaeleza yote isipokuwa mpira wa breki. Kama ningeutaja, ningelazimika kutaja mlima, na pedali iliyokwenda chini, na Baba Twiga akirudi mjini kwa gia ya kwanza.

Mama Sechelela alikuwa amechuchumaa akiangalia chini ya gari. Akainua uso.

"Mdogo wangu Stefano, gari umeliinua shibiri nzima, na halijakusumbua mahali popote?"

"Hata kidogo," nikasema.

"Kweli?"

"Mama, si unaliona lilivyosimama?"

Watu wakacheka. Yeye naye akacheka. "Haya, na mimi nataka twiga wangu. Nimechoka kupigwa mawe matakoni kila nikienda Mvumi."

Nilimsikia. Nilisema moyoni kwamba nitamwambia pembeni, tukiwa wawili, asije akanicheka mbele ya wengine. Nikamaliza chai yangu, nikaongea na huyu na yule, nikaondoka. Ahadi ya moyoni haina shahidi. Huvunjwa bila kelele.

Jumamosi iliyofuata Mama Sechelela hakuonekana. Nilimwamkia Mzee Ndahani shikamoo, akaitikia huku akifuta miwani yake ya kuchomelea, nami nikauliza kama mwenzetu anaumwa.

"Haumwi," akasema. "Tulimwinulia gari lake juzi. Vipimo ni vile vile vyako, neno kwa neno. Leo amewachukua akina mama wa kwaya kijijini kwao, wanakwenda Mvumi kuwaimbia wagonjwa hospitalini na kuwapelekea uji. Wamepita ile njia ya zamani ya kilimani, maana ya chini korongo limejaa."

Ile njia ya kilimani niliifahamu. Kupanda kwake ni taratibu, lakini kushuka ni mawe na mashimo, na mkono wa kulia kuna bonde.

"Mzee," nikasema, "mpira wa breki mliurefusha?"

"Mpira upi?"

Nikamwambia. Nilimwambia kwa haraka, maneno yakigongana mdomoni, mlima, shimo, pedali, kila kitu. Nilingoja anikaripie. Ningependa sana anikaripie. Mzee Ndahani alivua aproni yake ya ngozi, akaitundika kwenye msumari, akachukua boksi la spana na chupa ya mafuta ya breki.

"Washa gari," akasema, kisha akamtuma mwenzetu mmoja kwa wauza vipuri atafute mpira mrefu atufuate nao.

Safari ile ilikuwa ya zaidi ya saa nzima. Yeye alikuwa akiomba; niliona midomo yake. Mimi sala yangu ilikuwa fupi na yenye aibu. Nilikuwa nikiomba nisamehewe kosa huku nikiendesha juu ya kosa lenyewe, nimeketi juu kabisa, naona mbali kama twiga kweli. Kila kona niliyopita niliogopa kuona kitu kilichopinduka.

Tulipofika kilele cha kilima nikaliona. Landrova ya Mama Sechelela ilikuwa imesimama kando ya njia, kwenye kivuli cha mgunga, hatua chache kabla mteremko haujaanza. Akina mama kumi na mmoja walikuwa wameketi juu ya kanga zao, sufuria kubwa ya uji katikati yao, na bibi mmoja mtu mzima alikuwa ameinama pembeni akitapika huku mwenzake akimpapasa mgongo.

Unajua kilichowasimamisha? Gari lililoinuliwa huyumba. Bibi yule alikuwa mwimbaji wa sauti ya tatu, hakuwa amezoea kuyumbishwa namna ile, tumbo likakataa. Alimpigia Mama Sechelela kelele asimamishe, la sivyo atawaharibia sare wote. Mungu ana njia nyingi za kufunga breki.

Mama Sechelela alipotuona akapiga makofi. "Tazameni, twiga amemfuata mwenzake! Stefano, njoo uwaombe radhi hawa, wanasema gari lako hili la kitaalamu linawatikisa kama maziwa ndani ya kibuyu."

Nilikwenda moja kwa moja nikalala chini ya gari lake. Mpira ulikuwa umevutika vile vile kama wangu, na karibu na kifungo chake ulikuwa umechanika kidogo. Nilipougusa, kidole changu kikatoka na mafuta. Ulikuwa ukitokwa na machozi, mwanangu. Shimo moja tu la mteremko lingetosha.

Nikatoka uvunguni, vumbi limenijaa mgongoni. Nikamwonyesha kidole changu. Kisha, kwa kuwa hapakuwa na pembeni pa kumvutia, nikasema palepale mbele ya wote: kwamba gari langu lilipoteza breki mlimani, kwamba nilijua sababu, kwamba aliponiuliza nilidanganya kwa sababu nilitaka kuendelea kusifiwa.

Mzaha ukamtoka usoni. Alitazama mteremko. Akawatazama wale akina mama, mmoja mmoja, kama mtu anayewahesabu. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya chini kabisa.

"Nilikuuliza, Stefano."

"Ndiyo, mama."

"Nilikuuliza mbele ya watu. Mara mbili."

"Ndiyo, mama."

Bibi aliyekuwa akitapika akafuta mdomo kwa upindo wa kanga, akasema, "Kumbe ni tumbo langu lililowaokoa, na nyinyi mlikuwa mnalitukana tangu tulipotoka!" Mmoja akacheka, na wengine wakafuata, kicheko cha watu waliokoswa na kifo. Mama Sechelela hakucheka.

"Gari lako sasa lina mpira mrefu?" akaniuliza.

"Linao."

"Basi ufungue. Hawa wana wagonjwa wanaowangoja."

Nikalala chini ya Twiga, nikaufungua mpira wangu, nikaufunga kwenye gari lake. Mzee Ndahani, katika umri wake, alipanda akakaa kwenye kiti cha dereva kukanyaga pedali huku mimi nikifungua nati ya kutolea hewa. "Kanyaga." "Nimekanyaga." "Achia." "Nimeachia." Tulifanya hivyo mpaka hewa yote ikaisha na pedali ikawa ngumu kama jiwe. Mama Sechelela aliijaribu mwenyewe mara tatu kwenye tambarare, mbele na nyuma, hakuniamini, na alifanya vizuri kutoniamini. Kisha akawapandisha watu wake.

Sisi tulibaki kileleni na Twiga wetu asiye na breki, tukingoja mwenzetu mmoja atuletee mpira mwingine kutoka mjini. Nilikaa juu ya jiwe. Gari lilianza kushuka kwa gia ya kwanza, na akina mama wakaanza kuimba. Nilisikia wimbo ukienda chini, ukijificha nyuma ya mwamba, ukitokea tena, na kila ulipokatika moyo wangu nao ulikatika, na kila uliporudi nikapumua. Mwishowe ukasikika kutoka chini kabisa, bondeni, mdogo na mzima, pamoja na sauti ya tatu. Hapo nikainama nikalia.

Mzee Ndahani aliniacha nilie. Baadaye akasema, na haya ndiyo maneno ya ukali pekee aliyowahi kunipa, "Stefano, wewe umekulia katika kanisa letu. Mtu akisimama kutoa ushuhuda, huanza na nini?"

"Huanza na dhambi yake, mzee. Alivyokuwa kabla Bwana hajamwokoa."

"Akiruka hapo, akaanza na kuokoka tu?"

Nikafikiri. "Watu hawamwelewi."

"Hawamwelewi, na wala hawaponi, maana hawajui aliponea wapi. Ushuhuda usio na kosa ndani yake ni majigambo. Jumamosi ile ulitupa majigambo, sisi tukadhani ni ufundi."

Mwanangu, nimesoma kozi za wasomaji wa kanisa, nimekaa miguuni pa walimu wenye elimu kubwa, lakini somo lililonikaa ni lile la juu ya kilima.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda karakana nikidhani nitafukuzwa. Mama Sechelela alikuwa amefika mapema. Mlangoni, kwenye msumari, alikuwa ameutundika ule mpira wake uliochanika. Akasema kuanzia leo mtu yeyote anayetaka kuonyesha alichobadili kwenye gari lake ataushika kwanza mpira huo mkononi, na ataanza na kilichokatika. Akimaliza hapo ndipo aeleze uzuri.

"Na kama hakuna kilichokatika?" mwenzetu mmoja akauliza.

"Basi bado hujaliendesha," akamjibu. "Nenda kaliendeshe kwanza."

Kisha akaniangalia. "Baba Twiga, wewe ndiye wa kwanza." Akanirushia mpira. Nilipoudaka niliona kwamba ameanza tena kunicheka, na nikajua nimesamehewa. Alinirudishia na mpira wangu mrefu pia, ila miezi mingi baadaye, baada ya kuniambia kila wiki kwamba bado anaufanyia majaribio.

Miaka imekwenda. Mzee Ndahani amelala katika Bwana, na Mama Sechelela naye. Binti yake ndiye aliyerithi ile landrova na ulimi. Vijana wa siku hizi mnakutana kwenye simu zaidi ya uwanjani. Mjukuu wangu hunionyesha. Naona magari yenye bomba la kupumulia lililopanda mpaka juu ya paa ili yavuke maji, yenye winchi ya umeme mbele ya kujivutia matopeni, yenye hema juu na friji ndogo nyuma. Naona picha nzuri mno, na chini yake vidole gumba vingi. Sina kinyongo. Nafurahi, kwa kuwa bado mnafundishana bure kama tulivyofanya sisi, na nchi hii ni pana, ina mashimo ya kutosha kila kizazi.

Tena mwezi uliopita nilifurahi zaidi. Kijana mmoja mtumishi wa ofisi hapa mjini alibadili springi za gari lake. Badala ya kuanza na picha ya gari likiwa limepanda juu ya mwamba, alianza na picha ya kifungo cha springi kilichovunjika, akaandika, "Nilikosea hapa. Nilikaza kabla ya kushusha gari kwenye jeki." Kabla jua halijazama, wenzake watatu walikuwa wameandika kwamba wameingia uvunguni, na mmoja amekuta chake kimeanza kupata ufa. Hakuna aliyemcheka. Nilimwomba mjukuu wangu amwandikie kwa niaba yangu kwamba kuna mzee wa Area D amemwombea leo.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii, nami naitoa wazi. Ukimfundisha mwenzako njia uliyopita, mwonyeshe na mahali ulipoanguka, maana yeye atapita hapohapo, na huenda akawa amebeba watu. Ukiulizwa kama kitu kilikusumbua, sema kilivyokusumbua. Aibu ya kusema hudumu muda wa kicheko kimoja. Mficha maradhi, walisema wazee, kifo humuumbua, na maradhi ya gari humuumbua hata asiyeyaficha. Na kama tayari umekwisha kusifiwa kwa jambo ulilolieleza nusu, usingoje kumpata mtu pembeni. Piga simu sasa. Andika sasa, ungali unasoma hapa, kabla gari lake halijafika kileleni. Si kila kwaya ina bibi wa sauti ya tatu mwenye tumbo jepesi.

Bwana Mungu aliyewashusha akina mama wale salama, naye akushushe salama katika kila mteremko wako. Akupe marafiki wanaouliza mara mbili. Akupe moyo wa kujibu kweli mara ya kwanza. Mikono yako iwe na mafuta ya kazi na midomo yako iwe safi, na utakapokuwa mzee kama mimi, usikie kutoka bondeni wimbo wa watu walio wazima, waliofika. Amina.